Barabara Ilipokatika Somanga

Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara huijua Somanga kwa harufu ya samaki kabla hajaiona kwa macho. Basi likipunguza mwendo tu, madirisha hufunguliwa, na akina mama na vijana hulikimbilia wakiwa na mabeseni na sinia: samaki wa kukaanga, pweza, kamba, mihogo. Watu wanachagua, wanabishana bei, chenji inapitishwa dirishani, kondakta anagonga bodi, safari inaendelea. Kijiji hiki cha wavuvi kiko wilayani Kilwa, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Dar es Salaam, na abiria wengi wamekula samaki wake miaka nenda miaka rudi bila kuikanyaga ardhi yake. Nami nilikuwa miongoni mwao mpaka Mei 2024, barabara ilipokatika, na mwanamke nisiyemjua akanifungulia mlango wa nyumba yake.

Mwaka ule mvua zilizidi. El Nino ilianza kutunyeshea tangu mwishoni mwa 2023, na kufikia Aprili Mto Rufiji ulikuwa umefurika, ukazamisha mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti. Watu hawajamaliza kuanika magodoro yao, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kinaikaribia pwani yetu. Sisi wa Tanzania hatuna mazoea na vimbunga. Kusini, wazee bado wanakitaja kile kilichopiga Lindi mwaka 1952, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona kitu cha namna hiyo. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Upepo ukatulia, lakini maji yaliyomwagika wilaya za pwani yalikuwa mengi kuliko barabara ilivyoweza kustahimili.

Mjomba wangu alikuwa mgonjwa Lindi, na ndugu walikuwa wamepiga simu kwa sauti ile inayomfanya mtu aanze kufunga mkoba kabla mazungumzo hayajaisha. Upepo ulipotulia nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Mkuranga tulipita vizuri, Kibiti vizuri, Ikwiriri tukanunua maembe. Tulipolipanda Daraja la Mkapa abiria wote walinyamaza. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu kilomita moja, siku za kawaida unalipita ukiutazama mto chini na mashamba ya mpunga pembeni. Siku ile mto na mashamba vilikuwa kitu kimoja, maji ya rangi ya udongo yametanda hadi upeo wa macho, na miti imesimama katikati yake.

Tulipoingia Somanga tukakuta foleni ya malori na mabasi. Mbele, maji yalikuwa yamekula tuta la barabara, yakachimba korongo, na kipande cha lami kikabaki kimening'inia pembeni. Ng'ambo ya pili walisimama abiria waliotoka Mtwara na Lindi, mizigo miguuni, wakitutazama kama sisi tulivyowatazama. Barabara haikukatika mahali pamoja tu. Habari zikaja kwamba na huko mbele kuna sehemu nyingine zimeondoka. Dereva wetu akazima injini. Akasema ukweli mmoja tu ambao alikuwa nao: hapa tunalala.

Kijiji kilichozoea kuhudumia magari yanayosimama kidogo na kuondoka, ghafla kilikuwa na mamia ya watu wasio na pa kwenda. Biskuti ziliisha madukani kabla ya magharibi. Maji ya chupa yakapanda bei. Simu nyingi zilikuwa zimeishiwa chaji, na waliokuwa na chaji walitafuta mtandao huku wameinua mikono juu. Nilijibanza chini ya kibanda cha makuti, nimekaa na binti mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa akilia kilio cha kuchoka, kile kisicho na nguvu tena.

Mama mmoja wa makamo, au niseme bibi, maana nywele zilizochungulia chini ya mtandio wake zilikuwa nyeupe, alikuwa akipita na kuni kichwani. Akasimama.

"Shikamoo bibi," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Poleni na safari. Mtoto huyu kala?"

Binti akasema mtoto ananyonya tu, ila yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, maziwa hayatoki vizuri. Bibi akatua kuni chini, akamgusa mtoto kwenye paji la uso, akatazama mbingu.

"Inukeni," akasema. "Mvua inarudi hii."

Hakutuuliza majina wala tunakotoka. Akampa binti nafasi ya kutangulia, mimi nikabeba kuni, tukamfuata.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, upande mmoja bati, upande mwingine makuti. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa sehemu ya makuti, na chini ya tundu aliweka beseni la kukinga matone. Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa shule ya msingi. Kazi yake ndiyo ile tunayoiona madirishani: ananunua samaki boti zinapotia nanga, anakaanga, anawauzia wasafiri. Lakini kwa sababu ya tahadhari ya kimbunga wavuvi walikuwa hawajaingia baharini. Bila boti hakuna samaki, na bila samaki hakuna pesa. Nyumba tuliyoingia usiku ule ilikuwa haijaingiza hata shilingi kwa siku kadhaa.

Mjukuu akaketi juu ya mbuzi akakuna nazi. Bibi akawasha kuni zilizolowa, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi. Somanga ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapoingilia nchi kavu, na tangu 2004 gesi hiyo inapita pale kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam. Nilipolikumbuka hilo, nikiwa nimechuchumaa pembeni ya mafiga yake, nilitamani siku moja iwake na jikoni mwake. Akasonga ugali wa muhogo, akaunga kwa nazi ng'onda wawili waliokuwa wamebaki. Binti mwenye mtoto akatengewa kwanza, uji wa moto na sehemu kubwa ya mchuzi. Walipoongezeka wanawake wengine na watoto wao, bibi akaongeza maji na unga. Sinia moja ikafunikwa kawa, mjukuu akaipeleka msikitini, kwenye baraza walikokuwa wamekaribishwa wanaume.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sikukitambua mara moja. Hakuna aliyeitisha mkutano, hakuna aliyepiga mbiu, lakini kijiji kilikuwa kimegawana wageni. Wanawake na watoto majumbani, wanaume barazani na ndani ya mabasi. Nyumba yenye kisima ilitoa maji, nyumba yenye unga ilitoa unga, mwenye paneli ya sola aliweka waya nje watu wachaji simu. Wapo waliopandisha bei za bidhaa, sitawaficha, na wengine walipata faida nzuri juma lile. Lakini niliowaona wakitoa walikuwa wengi kuliko niliowaona wakivuna.

Usiku, wenzangu walipolala, nilimtolea bibi noti niliyokuwa nimeifumbata. Hakukasirika, wala hakunihubiria. Aliirudisha mkononi mwangu akasema, "Iweke hiyo. Barabara haijafunguka, hujui utaihitaji wapi."

Nikamuuliza basi, kwa nini? Ametuchukua watu asiowajua, katika juma ambalo mwenyewe hana. Akacheka kidogo, akanisimulia.

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtu wa kusini aliyetaka kwenda Dar alilazimika kuvuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Na kabla ya kufika Ndundu kulikuwa na kipande cha kilomita kama 60 kutoka Somanga, udongo mtupu, kilichokuja kuwekwa lami miaka mingi baada ya daraja lenyewe. Masika, malori yalizama mpaka kwenye ekseli. Watu walilala njiani, siku zikageuka wiki, wakala mbegu walizokuwa wakizipeleka sokoni. Yeye alikuwa na mtoto wa kiume mwenye homa kali, akampakia kwenye lori kumkimbiza Muhimbili. Lori likakwama. Akatembea na mtoto mgongoni na wasafiri wengine mpaka Ndundu, akakuta maji yamepanda na pantoni haivushi. Usiku umeingia, mtoto anatetemeka.

Mwanamke mmoja wa pale akamchukua. Akamvua mtoto nguo zilizolowa, akamfunika kwa kanga kavu, akampikia uji, akakaa naye macho mpaka kukapambazuka na maji yakashuka. Mtoto alipona. Leo ni mtu mzima, ana familia yake Mtwara. Miezi ilipopita bibi alirudi Ndundu na samaki wakavu na kanga mpya, amtafute aliyemwokolea mwanawe. Akaambiwa amehama, na hakuna aliyejua vizuri alikokwenda.

"Sasa deni lile nimlipe nani?" akaniuliza. "Yeye simwoni. Nawalipa wanaokuja."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Tumezoea kumsifu mtu mkarimu kana kwamba ukarimu ni tabia yake ya kuzaliwa, kama urefu au sauti nzuri. Bibi yule alinionyesha kwamba watu wa barabara ile wamejifunza ukarimu kwa kukwama. Vizazi vya wasafiri vimelala kwenye matope kati ya Rufiji na Kilwa, na kila aliyepewa uji usiku alirudi kwake akijua uji hupikwaje kwa ajili ya mtu usiyemjua. Mama yake bibi aliwachemshia mihogo wenye malori. Mjukuu wake, yule aliyekuna nazi, amekwisha kuona kazi hiyo inavyofanyika. Hapo hapana muujiza. Pana elimu inayorithishwa, na shule yake ni shida.

Siku zilizofuata tulishika kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi hatukungoja kupewa. Wanawake tulichota maji, tukafua, tukatwanga. Utingo wa lori lililobeba saruji na mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kituoni kwake Nachingwea walikusanya makuti mapya, wakapanda juu ya nyumba ya bibi, wakaziba tundu la kimbunga. Bibi alisimama uani akiwaelekeza, huku akiwaonya wasianguke, uso wake umechangamka. Majirani walituambia kwamba tangu alipofiwa na mumewe nyumba ile haijawahi kusikika vicheko namna ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii niliisikia tangu utotoni, lakini kupona kwenyewe nilikuona Somanga.

Mchana tulikuwa tukienda kutazama kazi ya barabara. Mitambo ilikuwa imefika, malori yakimwaga mawe usiku na mchana, mainjinia wakiwa na makoti ya mvua yaliyokolea matope. Maji yalipoondoka na vifusi mara moja, walianza upya bila kusema neno. Ninawashukuru wale nao. Wengi wao walilala chini ya mitambo yao, na wanawake wa kijiji waliwapelekea chai kama walivyotupa sisi.

Kisha ikaja asubuhi ambayo boti zilikuwa zimerudi na samaki, na habari ikazagaa kwamba magari madogo yameanza kupitishwa, mabasi yatafuata. Bibi alikuwa ameshaondoka nyumbani tangu alfajiri. Nilimkuta pale pale kando ya barabara, beseni lake limejaa changu na vibua waliokaangwa wakakauka vizuri. Nikachagua samaki watatu nimpelekee mjomba. Nikampa noti ile ile ya usiku wa kwanza, nikamwambia abaki na chenji.

Akahesabu chenji yote, shilingi kwa shilingi, akanitia mkononi.

"Jana ulikuwa mgeni wangu," akasema, "leo wewe ni abiria. Samaki nakuuzia bei yake."

Sijawahi kusikia heshima ikielezwa kwa maneno machache hivyo. Alikuwa amenipa chakula na malazi bila malipo kwa sababu nilikuwa na shida. Shida ilipokwisha, alinirudisha kwenye nafasi yangu ya mnunuzi na yeye kwenye nafasi yake ya mfanyabiashara, tukatazamana tukiwa sawa. Wema wake haukuwa chambo cha kuvutia bakshishi, na hakutaka shukrani yangu igeuke sadaka.

Nilifika Lindi nikamkuta mjomba ameanza kuketi kitandani. Alikula samaki wa Somanga kwa hamu, akanitaka nimsimulie habari za njiani mara mbili.

Wakati wa kurudi nilishukia Nangurukuru, nikaenda Kilwa Masoko, nikachukua kibali, nikavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Nilikuwa na neno la kutafuta kuhusu ukarimu wa pwani hii. Mwaka 1331 msafiri mkubwa Ibn Battuta alifika kisiwani hapo, wakati dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Sultani wa wakati huo, al-Hasan ibn Sulaiman, alijulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anaeleza kwamba siku moja sultani akitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, maskini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadili nguo, akampa zile alizoombwa.

Nilitembea ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba za mawe ya matumbawe, kisha nikafika Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na sultani huyo huyo, juu ya jabali linalotazama bahari. Magofu haya yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, na yanastahili. Nilikaa ukingoni mwa bwawa la pembe nane la sultani nikawaza habari ya mgeni na mwenyeji. Miaka karibu 700 iliyopita pwani hii iliandikwa vitabuni kwa ukarimu wake, kwa sababu aliyetoa alikuwa mfalme na aliyeona alikuwa na kalamu. Sultani alitoa nguo, akavaa nyingine. Bibi wa Somanga alitoa ng'onda wawili, na kwenye chungu hawakubaki wengine. Ukinitaka nipime, mimi namweka bibi juu ya mfalme.

Ndiyo maana nimeandika. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakuniomba umaarufu. Lakini alilolitenda lina haki ya kuandikwa kama lilivyoandikwa la sultani.

Nina maneno mawili ya kumalizia. La kwanza ni kwa wenye dhamana ya barabara. Barabara ya kusini inahitaji madaraja marefu zaidi, makaravati makubwa zaidi na matuta yaliyoinuliwa, kwa kuwa mvua kubwa sasa zinatukuta mara kwa mara. Wema wa wanakijiji usiwe sababu ya kuchelewesha saruji. Bibi mwenyewe anaomba lami isikatike tena. Anajua mtoto mwenye homa hangoji maji yashuke.

La pili ni letu sisi wengine. Lami nzuri imetupa safari ya saa chache mahali palipokuwa na safari ya siku nyingi, na hiyo ni neema kubwa. Lakini imetupitisha mbio mbele ya milango ya watu mpaka tumesahau kuwa mlango ni wa kufunguliwa. Mjini kwetu mtu anaweza kunyeshewa kituoni hadi usiku wa manane, na nyumba zenye vyumba vitupu zinamtazama. Kila mtaa ulio kando ya barabara kuu, na kila kijiji, una wazee wanaokumbuka jinsi wasafiri walivyopokewa. Waulizeni. Kubalianeni mapema nani atapokea akina mama na watoto, wanaume watalala wapi, maji yatatoka nyumba ipi. Masika hurudi kila mwaka, na wapo watakaokwama. Wengi wetu tumewahi kulishwa na mtu tusiyeweza kumlipa. Basi tuwalipe wanaokuja.